Ncha ya Kamba

Kamba ile ilikuwa na urefu wa mita 60 tulipoinunua, na siku aliyokufa nayo mdogo wetu, kijana wa kundi letu la wapanda milima, ilikuwa na mita 53. Ninaanza na hesabu hii kwa sababu siku kadhaa zilipita baada ya mazishi bila yeyote kati yetu kuwa tayari kuitamka, mimi nikiwa wa kwanza kunyamaza, na kwa sababu ninaamini sasa kwamba hatuwezi kumlilia kijana yule inavyostahili huku tukiendelea kuificha. Jina lake silitaji. Mama yake ameniruhusu kuandika mengine yote, akaniomba jina libaki nyumbani, nami nimetii.

Alikuwa na miaka 24. Alizaliwa na kulelewa Kigamboni katika nyumba ya babu yake mzaa mama, nahodha wa jahazi aliyesafiri miaka mingi kati ya Dar es Salaam, Unguja, Bagamoyo na Mafia kabla ya macho kumpungukia nguvu. Yeye mwenyewe alikuwa akiosha vioo vya maghorofa ya Posta, akining'inia kwa kamba nje ya ofisi za watu. Alisikia kutoka kwa mwenzake wa kazini kwamba wapo watu hapa mjini wanaokwenda kupanda miamba siku za mapumziko bila kulipwa na mtu yeyote, akaja kututafuta, na swali lake la kwanza lilikuwa kama ni kweli kwamba kwetu sisi mtu hupanda kwanza ndipo akashuka. Kazini kwake walipanda kwa lifti na kushuka kwa kamba. Nusu ya kwanza ya safari hakuwahi kuifanya kwa mikono yake, naye alitaka kujua ikoje.

Watu hushangaa wakisikia kwamba jiji lililokaa usawa wa bahari lina wapanda milima. Hatuzidi kumi na watano. Mazoezi yetu ya kamba tunayafanya kwenye mwembe mkubwa nyuma ya nyumba yangu, Kimara, na mazoezi ya pumzi kwenye ngazi za jengo lolote ambalo mlinzi wake ni mpole. Siku za mwisho wa juma tunakwenda Morogoro, safari iliyokuwa ya basi na foleni hadi treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria Juni 2024, na huko tunapanda Lupanga, kilele cha mita 2,138 kinachouangalia mji kutoka safu ya Uluguru, ambako njia ni msitu, matope na mizizi ya kushikilia. Karibu sote tumefika Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Lakini Kibo kwa njia za kawaida ni mlima wa kutembea, na Mawenzi, kilele cha pili cha mlima huo, yenye mita zake 5,149 ina mwamba uliooza, unaomeguka mkononi kama mkate mkavu, kwa hiyo Mwafrika Mashariki anayetaka mwamba mrefu na imara huishia kuutazama Mlima Kenya.

Mlima ule una vilele viwili vikuu vinavyotazamana, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188, vilivyopewa majina ya malaiboni, viongozi wa kiroho wa Kimaasai, na Mwingereza Mackinder, ambaye msafara wake uliufikia Batian mwaka 1899. Nelion uliendelea kusubiri miaka thelathini, hadi Januari 1929, Eric Shipton na Wyn Harris walipofika juu. Wapandaji wa Nelion huchagua miezi hiyo hiyo, Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, kwa sababu mlima umekaa karibu kabisa na ikweta na ni wakati huo ambapo jua huupiga uso wake wa kusini na kuukausha. Juu ya kilele kuna kibanda kidogo cha bati alichokijenga Ian Howell mwaka 1970. Picha ya mwisho ya mdogo wetu, iliyokutwa ndani ya simu ya mwenzake, inamwonyesha ameketi mlangoni pa kibanda hicho, amevua glavu, anapekua mfuko wa karanga kwa makini ya mtu asiye na haraka yoyote duniani. Wale waliomfahamu wataelewa kwa nini naipenda kuliko zile anazotabasamu.

Ajali ilitokea wakati wa kushuka kutoka Nelion, na ninaomba msomaji anivumilie nieleze jinsi tunavyoshuka, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kamba hupitishwa kwenye pete ya nanga iliyofungwa mwambani hadi ifike katikati yake, ili pande mbili zinazoning'inia zilingane. Mtu hupitisha pande zote mbili kwenye kifaa cha kushukia kilicho kwenye mkanda wake wa kiunoni, akashuka taratibu hadi nanga inayofuata, na wote wakishafika, kamba huvutwa upande mmoja, ikachomoka juu, na kazi ikaanza upya. Katikati ya kamba hutambulika kwa alama ya wino mweusi. Mwezi Novemba kipande cha mwisho cha kamba yetu kilikuwa kimechubuka, nami, chini ya mwembe ule ule, nilikata mita saba kwa kisu, nikaichoma ncha kwa kiberiti isifumuke, nikaandika 53 juu ya mfuko wake. Alama ya katikati sikuihamisha. Tangu saa ile alama ilikuwa ya uongo: aliyeiweka kwenye nanga kwa kuiamini alikuwa na mita 30 upande mmoja na mita 23 upande wa pili.

Jua lilikuwa linazama, ukungu umeshapanda, na tayari walikuwa wameshuka nanga kadhaa ambazo kwa bahati zilikuwa karibu karibu. Alitangulia yeye. Ncha fupi ilipita ndani ya kifaa chake bila kizuizi, uzito wote ukaelemea upande mmoja, kamba ikachomoka kwenye nanga na yeye pamoja nayo. Mwenzake alibaki juu, kwenye kibaraza cha mwamba kisichozidi upana wa kitanda cha mtoto, hana kamba, na alikaa hapo usiku kucha, hadi waokoaji walipomfikia kesho yake.

Fundo moja kwenye ile ncha fupi lingekwama kwenye kifaa cha kushukia, naye angebaki ananing'inia, akipiga kelele kwamba kamba haitoshi. Hilo ndilo jambo lote. Kila mpandaji hufundishwa kufunga ncha za kamba kabla ya kuitupa chini, na mimi nilimfundisha. Lakini nilimfundisha kwa mdomo. Kwenye mwembe wetu kamba hufika chini na ziada yake hulala mchangani, kwa hiyo hatukuwa tukizifunga ncha, tulisema tu kwamba mlimani hufungwa. Kazini kwake pia kamba hufika chini, hadi kwenye lami ya Posta. Mkono wa kijana yule ulikuwa umeshuka mamia ya mara, na katika mara zote hizo ncha ya kamba ilikuwa ardhini. Nani angetarajia mkono huo ukumbuke, gizani na kwenye baridi, kitu ambacho haujawahi kukifanya?

Maiti ililetwa kwa ndege baada ya siku nne, ambazo kwa familia ya Kiislamu ni siku nyingi mno kumweka marehemu juu ya ardhi, na kila karatasi iliyodaiwa njiani ilikuwa jeraha jipya kwa mama yake. Tulichanga, tukapokezana kupiga simu, tukavuka kwa pantoni kutoka Magogoni alfajiri ya mazishi tukiwa tumevaa kanzu na mashati yaliyokunjamana, na tukamzika chini ya minazi, karibu na bibi yake. Tangazo la tanzia lilisema amefariki kwa ajali ya mlimani. Niliandika maneno hayo mimi mwenyewe, na baadhi ya wenzetu walikuwa wamependekeza tuongeze kwamba mwamba uliporomoka, si kwa ubaya, bali kwa kuwa mwamba unaoporomoka haumwachii mtu yeyote lawama. Sikuuongeza huo mwamba, lakini sikusema pia kilichotokea.

Chini ya turubai, baada ya kurudi makaburini, nilisikia maswali ambayo kila mpanda milima wa nchi hii atayasikia siku akizika mwenzake. Alikuwa anatafuta nini huko? Alilipwa? Mjomba mmoja wa marehemu, mtu mzima mwenye huzuni ya kweli, alisema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na kwamba vijana wetu wameyavamia. Msibani si mahali pa kubishana na wafiwa, kwa hiyo niliinamisha kichwa. Lakini moyoni nilimkumbuka Alexander Nyirenda, aliyepandisha bendera na Mwenge juu ya Kilimanjaro usiku wa uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961, na Kisoi Munyao aliyeipandisha bendera ya Kenya kwenye kilele cha Lenana, Mlima Kenya, miaka miwili baadaye. Na kabla yao Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, mwongoza njia wa Kilimanjaro, na wapagazi wote waliobeba mizigo ya wengine hadi kwenye barafu, ambao majina yao hakuna aliyejali kuyaandika. Milima hii watu wetu wamekuwa wakiipanda muda wote. Kilicho kipya ni kijana wa Kigamboni kuupanda kwa hiari yake, kwa siku zake za likizo, akibeba mzigo wake mwenyewe.

Maneno yaliyonisumbua zaidi hayakuwa yale ya mjomba. Yalikuwa yale yaliyosemwa kwa upole na kila aliyetushika mkono: siku yake ilifika, na ajali haina kinga. La kwanza ninaliamini. Mimi ni mtu wa dini, na sina mashaka kwamba siku ya mtu haisogei mbele wala hairudi nyuma kwa sababu ya wino juu ya kamba. La pili nalikataa, na nimelikataa kwa uchungu, kwa sababu ajali hii ilikuwa na kinga yake, kinga yenyewe ilikuwa sentimita chache za kamba iliyozungushwa na kukazwa, na ninaifahamu kwa jina. Nimeuona msemo huo umeandikwa nyuma ya mabasi tangu utotoni, na sikuwahi kuuhoji hadi nilipokaa chini ya turubai lile nikijua ninachokijua, nikaona jinsi unavyotupokea sote kwa ukarimu, hasa sisi wenye cha kuficha.

Nilianza kusoma. Novemba 27, 2019, huko El Potrero Chico nchini Mexico, alikufa Brad Gobright, Mmarekani wa miaka 31, mmoja wa wapandaji mashuhuri wa kizazi chake, aliyezoea kupanda kuta ndefu bila kamba kabisa, na ambaye Oktoba 2017, yeye na Jim Reynolds, waliipanda njia ya The Nose kwenye El Capitan, ukuta mkubwa wa mwamba huko California, kwa saa 2, dakika 19 na sekunde 44, kasi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia kabla yao. Mtu huyo alikufa akiwa kwenye kamba, akishuka. Pande za kamba hazikuwa sawa, ncha ya upande wake haikuwa na fundo, ikapita. Mwenzake aliponea chupuchupu, na badala ya kukaa kimya alieleza hatua kwa hatua walichofanya na walichokiacha. Baada ya kusoma maelezo yale nilizima taa nikakaa gizani kwa muda mrefu, kwa maana nilikuwa nimesoma habari za Nelion kabla hazijatokea. Zilikuwepo, ziko wazi kwa kila mtu, na hatukuwahi kuzisoma pamoja chini ya mwembe.

Klabu ya wapanda milima ya Marekani imekuwa ikichapisha ripoti za ajali mwaka hadi mwaka tangu miaka ya 1940: nani alikuwa wapi, kamba ya namna gani, fundo gani, uchovu kiasi gani, na nini kingeweza kufanyika. Mwanzoni lugha yake iliniumiza kwa ukavu wake. Nilijiuliza mama gani angependa kusoma kwamba mwanawe hakufunga ncha. Sasa naona kwamba ni lugha ya watu waliozika wengi wakaamua kutomzika mtu pamoja na sababu ya kifo chake. Sisi wa pwani tuna namna zetu za kumsindikiza marehemu, kisomo, hitima, arobaini, nazo zinatosha kwa roho yake. Lakini hatuna mkutano wowote ambamo waliobaki huketi na kuuliza kamba ilikuwa na urefu gani.

Mei 2024, Cheruiyot Kirui, Mkenya aliyekuwa mfanyakazi wa benki, alifia karibu na kilele cha Everest akijaribu kukifikia bila oksijeni ya mitungi, na Nawang Sherpa, aliyekuwa naye, hakurudi. Familia ya Kirui iliamua mwili wake ubaki mlimani, ili maisha ya watu wengine yasihatarishwe kwa ajili ya kuuteremsha. Nakumbuka mdogo wetu alivyolijadili jambo hilo siku nzima, njia yote ya Lupanga kupanda na kushuka. Alisema uamuzi wa familia ile ni wa kiungwana kupita kiasi alichoweza kukifikiria. Kisha akatugeukia akauliza kwa nini katika mazungumzo yetu yote hakuna aliyemtaja Nawang. Tangu hapo kila tulipowaombea tuliwataja wawili. Nilidhani nimeelewa alichokuwa anatufundisha, kumbe hata yeye alipokufa wiki nzima ilipita kabla sijapiga simu kwa yule aliyebaki kwenye kibaraza.

Siku ya saba babu alinituma mjukuu mwingine: nije, na nije na kamba. Waokoaji walikuwa wameirudisha pamoja na vitu vyake, nami nilikuwa nimeisukuma chini ya kitanda. Nilivuka nayo kwenye pantoni nikiwa nimeipakata ndani ya mfuko wake, maandishi ya 53 nikiyaelekezea tumboni kwangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nipe."

Alikaa juu ya mkeka, akaanza kuipitisha kamba vidoleni, pima baada ya pima, midomo ikihesabu. Hakuniuliza kitu. Alipofika ncha ya kwanza aliisugua kwa kidole gumba, akaiweka gotini, akarudi akaitafuta ya pili.

"Hii imechomwa kiwandani," alisema. "Hii imechomwa na mtu."

"Ndiyo, babu."

"Nani?"

"Mimi."

Akanyamaza. Uani wanawake walikuwa wakipepeta mchele, na ninakumbuka kwamba ungo ulisimama kisha ukaendelea. Akauliza kama ncha zilifungwa fundo, nikamwambia hazikufungwa. Ndipo akanieleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jana, kwamba katika jahazi henza, kamba ya kupandishia tanga, haipandishi foromali, mti unaobeba tanga, kabla ncha yake haijafungwa, hata mchana, hata bandarini, hata kama baharia amekuwa kazini miaka arobaini, kwa kuwa kamba ikishakuponyoka ikapita yote kwenye gofia, kapi ya juu mlingotini, huna tena njia ya kuipata isipokuwa kumpandisha mtu juu ya mlingoti. Alisema alimfundisha mjukuu wake akiwa na miaka sita. Mtoto alikuwa akifunga ncha za kila kitu, akasema, hata kamba ya ndoo ya kisimani.

Nilimweleza habari ya mwembe wangu na ya maghorofa ya Posta, kamba zinazofika chini. Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi.

"Basi alisahaulishwa," alisema. Kisha akaniambia: "Mama yake hajui haya. Utamwambia wewe. Usimtume mtu."

Sikumwambia siku ile; nilimwambia siku ya tatu yake, mchana, mbele ya dada zake wawili. Sitasimulia alivyolia. Alipotulia hakuniuliza habari ya kisu wala ya alama ya wino. Aliuliza alipo yule mwingine, yule kijana aliyekuwa na mwanawe, kwa nini hajaja, mtu gani asiyekuja kuhani. Nikamjibu kwamba anaogopa, kwa sababu kamba waliivuta pamoja, na macho yake mwenyewe yaliiona ile alama ikiwekwa kwenye nanga akasema sawa. Akasema, mleteni.

Tulimleta siku ya hitima. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa bado na bandeji kwa sababu ya baridi ya usiku ule. Alikaa nje, karibu na masufuria, na watu waliokuwa wakiosha sahani walimpisha bila kumuuliza kitu. Mama wa marehemu alitoka ndani, akavuta kigoda, akakaa mbele yake wakiwa karibu kugusana magoti, akamwomba ampe maneno ya mwisho ya mwanawe, yoyote yale, asiyapambe.

Kijana alichukua muda mrefu. Alisema kwamba hayakuwa maneno ya maana. Walikuwa wamebakiwa na chupa moja ya maji, nusu, na marehemu alipokuwa anaanza kushuka alimwambia asiyamalize, amwachie kidogo, atayakuta chini.

Yule mama alicheka, kicheko kifupi kilichotutisha sote, akasema tangu mdogo alikuwa hivyo, hakuamini mtu na maji yake. Kisha akauliza:

"Ulikunywa?"

"Hapana, mama. Niliyashika tu hadi asubuhi."

"Usiku wote?"

"Usiku wote."

Alimshika mkono ule wenye bandeji, akauweka mapajani mwake.

"Ungekunywa, mwanangu," alisema. "Ungekunywa."